Ishirini na Saba kwa Ishirini na Saba

Kuna watu wanaodhani kazi ya mpimaji ni kugonga mhuri juu ya kile ambacho wakubwa wameshaamua. Watu hao hawajawahi kukaa ofisi moja na Zlatina Karadzhova wa Plovdiv, na Mungu awaepushe, maana wasingemaliza wiki.

Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na minane. Kilikuwa kiwanda cha diski za kompyuta, enzi zile Bulgaria ikijitapa kwamba bila diski zake nusu ya dunia ingekuwa haina pa kuweka kumbukumbu. Kila boksi lililotoka lilitiwa kikaratasi chenye jina la aliyepima, na diski ikirudi na ubovu hakuulizwa aliyeitengeneza, aliulizwa mwenye jina. Miaka ya tisini kiwanda kikafa kama vilivyokufa vingine, si kwa diski mbovu bali kwa watu wabovu, na Zlatina akauza achari ya pilipili sokoni, akashona mapazia, akamzika mume. Alipofika miaka arobaini na mbili alijifunza kutengeneza tovuti kwenye kozi ya bure katika nyumba ya utamaduni ya mtaa, darasa moja na vijana wa rika la mwanawe waliokuwa wakimwita shangazi. Walimcheka mwezi wa kwanza tu.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na sita, na ofisi yake ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vitambaa, mtaa wa Kapana. Walichotengeneza pale ni kiunzi kiitwacho Skele. Kwa lugha yao skele ni lile jukwaa la mbao analolifunga fundi ukutani ili apate pa kusimama, na jina lilikaa sawasawa: mwenye kutaka tovuti haanzi mikono mitupu, anachukua Skele, nusu ya kazi imeshafanyika, anapanda juu anajenga. Shule, zahanati, halmashauri, maduka ya vipuri, wote walipanda humo.

Lakini Skele nayo ilisimama juu ya kitu, ile programu ya chini kwenye seva wanayoiita injini, na injini zina matoleo ya zamani na mapya. Kazi ya Zlatina ilikuwa kuhakikisha kwamba Skele inapatana na matoleo manne ya injini, kila moja kwa vivinjari tisa. Nne mara tisa, vipimo thelathini na sita. Majibu yaliwekwa kwenye jedwali la wazi ambalo mtu yeyote duniani angeweza kulisoma, kijani kwa kinachopatana, nyekundu kwa kisichopatana, na chini yake mstari mmoja: Imepimwa na Zlatina Karadzhova. Mstari huo aliuomba yeye mwenyewe. Wenzake waliona ni ushamba wa kiwandani, wakamwachia.

Tena kulikuwa na zile namba. Kila toleo la kiunzi lina namba tatu, na watu wa kazi ile wamekubaliana maana yake bila polisi wala hakimu. Ikibadilika ya mwisho, tumeziba tundu. Ikibadilika ya kati, tumekuongezea mfuko. Ikibadilika ya kwanza, hii ni nguo nyingine kabisa, ijaribu kwanza kabla hujaivaa ukatoka nayo barabarani. Kwa hiyo wenye tovuti ndogo wasio na muda huziagiza seva zao zichukue kila toleo jipya zenyewe usiku, ila namba ya kwanza ikibadilika zisiguse. Dunia nzima ya tovuti imelala juu ya ahadi hiyo, na mtu anayeichezea anacheza na usingizi wa watu asiowajua.

Sasa mwaka ule, mwezi wa saba, toleo jipya la Skele lilikuwa tayari. Lilikuwa zuri, lenye kasi, na halikuweza kabisa kusimama juu ya injini ya zamani. Jumatano jioni Zlatina alimaliza vipimo: ishirini na saba kijani, tisa nyekundu, na zile tisa zote ni injini ile moja. Akaenda moja kwa moja kwa Iliya, mwenye ofisi, kijana wa miaka thelathini na minne mwenye kipaji kikubwa na masikio madogo.

“Iliya, mmeliandika nne nukta saba. Hili ni tano.”

“Shangazi Zlatina, namba ni namba tu.”

“Namba ni ahadi, mwanangu. Ukiandika nne nukta saba, kila mwenye nne nukta sita analiingiza akiwa amelala. Mwenye injini ya zamani anaamka hana tovuti.”

“Na nikiandika tano, nani atalichukua? Watalitazama miezi sita kama paka anavyotazama maji. Wageni wa Sofia, wale wanaotaka kututilia mtaji, wanataka kuona mwisho wa mwezi ni tovuti ngapi zimeingia. Tisa tu kati ya thelathini na sita, shangazi!”

“Hizo tisa ni watu. Na siyo mabenki, mabenki yana mafundi hamsini. Wenye injini ile ni halmashauri za milimani, fundi mmoja, seva moja, tena ya mtumba.”

“Basi tutaongea kesho kutwa,” Iliya akasema, akimshika bega. “Kesho ni siku ya jina langu. Usinitie presha siku ya jina langu.”

Zlatina akamwamini. Nasema hivi kwa hasira kidogo, kwa sababu mwanamke yule hakuwa mjinga, lakini kesho yake ilikuwa Ilinden, sikukuu ya Mtakatifu Iliya, na nchini mle siku ile kila Iliya hukaa nyumbani au kazini mlango wazi. Hakuna anayealikwa, anayekukumbuka anakuja, na asiyekuja amekusahau. Mtu hatoi toleo siku ya jina lake kama asivyochinja jogoo katikati ya harusi yake mwenyewe. Zlatina akaomba asubuhi ya Alhamisi, akapanda basi mpaka kijijini kwenye kishamba chake, akachuma nyanya za waridi, zile kubwa zenye ngozi laini ambazo hazifiki sokoni bila kupasuka, akazipanga sandukuni moja moja na magazeti katikati. Zilikuwa zawadi ya Iliya.

Alirudi saa saba na nusu mchana, jua la nyuzi thelathini na nane, sanduku kifuani. Ngazi za ofisi zilikuwa zimelowa. Palikuwa na majani ya zdravets, mmea wao wa heri, yametapakaa kwenye kidato cha juu, na chungu cha shaba kimeegemezwa ukutani. Mama yake Iliya alikuwa amemwaga maji.

Zlatina akasimama hapohapo. Watu wa kule humwaga maji mlangoni kwa anayetoka: mtoto anayekwenda kwenye mtihani, askari anayesafiri, ili mambo yake yateleze kama maji. Hawamwagi kwa anayekaa. Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kimeshatoka ofisini mle, na hakuhitaji kuambiwa ni nini.

Ndani meza zilikuwa zimeunganishwa. Matango, jibini nyeupe, pilipili za kuchoma, tikiti lililopasuliwa vipande, rakia, ile pombe yao kali ya matunda, kwenye barafu. Watu kama ishirini, wawili kati yao mashati yamepigwa pasi, wageni wa Sofia. Iliya alikuwa amepanda juu ya kiti, glasi mkononi.

“Nne nukta saba, jamani!” alikuwa akisema. “Imetoka saa tano na nusu asubuhi. Ishirini na saba kwa ishirini na saba! Kijani tupu!”

Wakapiga makofi. Zlatina akaweka nyanya zake chini sakafuni, taratibu, maana nyanya hazina kosa.

“Kaloyan,” akamwita kijana aliyekaa jirani na kompyuta, mwandishi wa programu mwenye mdomo uliojaa tango. “Ishirini na saba kwa ngapi?”

Kaloyan akameza. “Kwa ishirini na saba, shangazi.”

“Jana zilikuwa thelathini na sita. Tisa zimekwenda wapi? Zimeenda likizo baharini Burgas?”

“Niliambiwa niiondoe injini ya zamani kwenye orodha. Haikupimwa kabisa. Isiyopimwa haianguki.”

“Ukivunja kipimajoto, homa inapona?”

Kijana akatazama tango lake. Zlatina akamsukuma kiti, akafungua lile jedwali la wazi. Kweli, safu nzima ya injini ya zamani haikuwepo. Palipokuwa na nyekundu tisa palikuwa hapana kitu, ukurasa umejifunga vizuri kama jeraha la uongo. Na chini, mahali pake pa siku zote, mstari: Imepimwa na Zlatina Karadzhova. Walimwondolea vipimo vyake wakamwachia jina lake! Damu ikampanda mpaka masikioni. Maji ya kumwaga mlangoni walikuwa nayo, majani ya kutupia juu yake walikuwa nayo, ila siku mbili za kusubiri ndizo hawakuwa nazo.

Iliya alishuka kitini akaja, bado anatabasamu, akanong'ona. “Shangazi, leo sikukuu. Funika kombe mwanaharamu apite.”

“Na mwanaharamu hapa ni nani, Iliya? Anayepita au anayefunika?”

“Jumatatu tunatoa nne nukta saba nukta moja, tunaziba. Tovuti mbili tatu zikilala wikiendi moja, dunia haiishi.”

Zlatina akatoa simu yake. Seva nyingi zingeanza kulichukua toleo usiku, na ilikuwa bado mchana. Kulikuwa na muda. Wa kwanza kumwonya alikuwa Metodi Kehayov.

Metodi walikuwa naye benchi moja kiwandani miaka sita. Sasa alikuwa na sitini na moja, fundi pekee wa halmashauri ya mji mdogo juu milimani Rodopi, na tovuti aliyoitunza ilikuwa na kazi ambayo mtu wa Sofia angeicheka: wazee wa vijijini, au majirani zao wenye simu, walijiandikisha humo kwa ajili ya gari la daktari. Gari lilipanda milimani kila Ijumaa, na lilikwenda kwa walioandikwa tu, kwa sababu mafuta hayakutosha kuzunguka kubahatisha. Orodha ilifungwa Alhamisi saa kumi na moja jioni. Ni Zlatina aliyemshauri atumie Skele, tena akamwambia kwa kinywa chake: namba ya kwanza isipobadilika, pokea tu, mimi nipo.

Akampigia palepale, katikati ya makelele.

“Metodi, sikiliza. Zima ule upokeaji wa usiku. Usiichukue nne nukta saba.”

“Umechelewa, dada,” Metodi akasema. Alikuwa akihema. “Nimeshaichukua. Saa sita nimeona imetoka, nikashuka mpaka chini kabisa kwenye jedwali, nikaona jina lako. Nikasema, ya nini kusubiri usiku, Zlatina ameshapima.”

Zlatina akafumba macho. “Na tovuti?”

“Imelala tangu sita na nusu. Lakini usijisumbue, siyo Skele, ni mimi. Nimebonyeza kitu mahali. Nimepekua mipangilio yote, nimeifumua seva, na kila ninapogusa ndiyo naharibu zaidi. Kuna watu kumi na wanne hawajaandikwa, nimejaribu kuwapigia mmoja mmoja, nusu hawapokei, wako kanisani. Nimemwambia meya ukweli. Nimemwambia kichwa kimezeeka, atafute kijana. Amekubali upesi kweli.”

“Metodi, si wewe.”

“Usinifariji, dada.”

“Sikufariji! Nakwambia si wewe. Toleo ndilo bovu. Haliwezi kusimama kwenye injini yako.”

“Nimelisoma jedwali kwa macho yangu. Kijani ishirini na saba, nyekundu hata moja hakuna, na jina lako. Tumekaa benchi moja miaka sita, hujawahi kupitisha kibovu hata kimoja. Umesikia nimekwama ukanionea huruma, basi. Asante, lakini acha.”

Hapo ndipo palipomuuma kuliko pote. Angeweza kusema mpaka sauti ikauke. Jina lake mwenyewe lilikuwa limesimama pale chini ya ukurasa likimpinga, na Metodi aliliamini jina kuliko alivyomwamini mwenye jina. Walikuwa wamelichukua jina la mtu wakaenda kumdanganyia nalo rafiki yake. Kuna wezi wanaoiba kuku wana haya kuliko hao.

“Usikate simu,” akamwambia Metodi, akailaza mezani.

Funguo za kutoa matoleo ya Skele, na za kuyabatilisha, walikuwa nazo wawili tu, Iliya na yeye. Akaingiza zake. Iliya aliona kioo cha kompyuta, na tabasamu likamtoka.

“Shangazi, unafanya nini?”

“Nalibatilisha.”

“Huwezi! Namba ikibatilishwa haitumiki tena milele, unajua sheria. Nne nukta saba itakuwa imekufa.”

“Itazaliwa tano, kama ilivyotungwa.”

“Wageni wako hapa! Wanatazama!”

“Watazame. Kwani wamekuja kutazama nini?”

“Mimi ndiye mwajiri wako, shangazi Zlatina.” Sasa hakunong'ona, na meza yote ikanyamaza, vipande vya tikiti mikononi.

“Kesho utanifukuza, na nitakwenda. Leo bado nimeajiriwa, na kazi niliyoajiriwa ni hii.”

Mama yake Iliya akasema kutoka dirishani, “Siku ya jina la mtoto wangu, jamani, mnagombana?” Zlatina akaandika sababu ya kubatilisha, maneno machache yaliyosomeka dunia nzima: toleo hili halipatani na injini ya zamani, tulijua tangu Jumatano, vipimo tisa viliondolewa kwenye jedwali bila idhini ya mpimaji. Akairudisha safu iliyofutwa. Nyekundu tisa zikarudi mahali pake, na jina lake likabaki chini yake, sasa bila aibu. Mmoja wa wageni wa Sofia alitoa simu yake mfukoni akaanza kusoma, na uso wake haukuonyesha lolote.

Kisha akaichukua ile simu mezani, akamnyooshea Iliya.

“Mwambie.”

“Nani huyu?”

“Mtu aliyelichukua toleo lako saa sita kwa sababu aliona jina langu. Anaacha kazi leo kwa kosa lako. Mimi haniamini. Mwambie wewe.”

Iliya alitazama kulia na kushoto kama mtu anayetafuta mlango kwenye chumba anachokijua. Watu ishirini walimtazama. Akaipokea.

“Halo? Mimi Iliya. Wa Skele.”

Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba sauti ya Metodi ilisikika mpaka kwa aliyeshika kisu cha tikiti.

“Iliya mwenyewe? Loo! Na leo Ilinden! Heri ya siku ya jina, kijana wangu. Jina lako liwe hai, liwe na afya, uzeeke nalo!”

Hivyo ndivyo wanavyotakiana kule, maneno ya siku zote, na mtu hujibu asante bila kufikiri. Iliya hakujibu. Shingo yake ilianza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu.

“Asante, mzee,” akasema mwisho. “Sikiliza, mzee, kuhusu toleo... kulikuwa na changamoto ndogo ya—”

“Iliya,” Zlatina akasema.

“Kosa si lako,” Iliya akasema, chini chini.

“Ulipotangaza ishirini na saba tulikusikia wote. Na hili tulisikie.”

“Kosa si lako, mzee! Toleo ni bovu kwa injini yako. Tulijua. Tulijua tangu jana.”

Kwenye simu, mahali fulani milimani kengele ya kanisa ililia mara mbili tatu, ikakoma.

“Mlijua,” Metodi akasema. Hakuuliza. “Na mimi nimesimama mbele ya meya, na kofia mkononi, nimemwambia kichwa changu kimeoza.” Akavuta pumzi. “Mpe simu Zlatina.”

Zlatina akaipokea, akavuta kiti, akasukuma pembeni sahani na glasi mpaka akapata nafasi ya kiwiko.

“Nipo, Metodi.”

“Ni saa nane kamili, dada. Orodha inafungwa kumi na moja, na seva nimeifumua yote. Tunaanzia wapi?”

“Tunarudi nne nukta sita. Fungua faili ya mipangilio, nisomee kuanzia mstari wa juu, usiruke hata nukta.”

“Na meya je? Amesema Jumatatu atatangaza nafasi yangu.”

Zlatina aliinua macho, akamtazama Iliya aliyekuwa bado amesimama, mikono mitupu, katikati ya wageni wake.

“Nipe namba ya meya,” akasema. “Iliya atampigia, sasa hivi, hapa hapa mbele yangu. Haya, soma mstari wa kwanza.”